Baada ya Mahali Kupendeza, Nani Anabaki?

Mwezi wa nne, katikati ya mvua, alikuja mgeni kijijini kwetu hapa Nakivale. Alivaa buti za plastiki na kubeba karatasi kubwa zilizoviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mimi ndiye niliyetumwa kumtembeza, maana mimi ni mhamasishaji wa vijana, na kazi ya kutembeza wageni mara nyingi napewa mimi. Tulipofika kwa mzee wetu wa kijiji, mgeni akajitambulisha: kazi yake ni usanifu wa mandhari. Mzee alimsikiliza kwa heshima, akampa kiti, kisha akaniinamia sikioni: "Mwanangu, huyu ni fundi wa maua?"

Nikamjibu: "Ndiyo mzee, ni kama hivyo."

Kumbe nilikosea. Mgeni hakuuliza habari za ua hata moja. Aliuliza: maji yanatoka wapi? Yakifika hapa yanakwenda wapi? Wamama wanakaa wapi jua likiwa kali? Nani anapita njia hii usiku? Akamwomba mzee apande naye mpaka juu ya kilima, kisha wakateremka wakifuata korongo hadi chini, upande wa ziwa. Mzee alirudi amechoka lakini amefurahi. Akasema: "Huyu anauliza kama mkulima."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma juu ya kazi hiyo, kidogo kidogo, kwenye tableti ya kituo chetu cha vijana na kwenye kitabu kimoja ambacho mgeni aliniachia. Ndugu msomaji, katika jarida hili tumezoea kuhakiki nyimbo, michezo ya kuigiza na vitabu. Leo naomba nihakiki viwanja, maana kiwanja nacho kimetungwa na mtu. Nitahakiki kimoja cha New York, kimoja cha Boston, vingine vya Kibera, halafu kimoja chetu, ambacho mimi mwenyewe nilishiriki kukiharibu.

Kwanza tuelewane maana. Msanifu majengo anachora nyumba. Msanifu wa mandhari anashughulika na kile kilichobaki katikati ya nyumba na nyumba: mteremko, maji, miti, njia, kivuli, mahali pa kuchezea, mahali pa kukaa. Kwa kifupi, pale ambapo sisi wa kambini tunamaliza siku yetu, kwa sababu ndani ya nyumba zetu ni pa kulala tu. Siyo kazi ya Wazungu peke yao. Jirani zetu Kenya, chuo kikuu cha JKUAT kinatoa shahada yake.

Sasa twende New York. Sijawahi kufika huko. Nasema kwa niliyosoma na kuona kwenye picha na ramani. Katikati ya mji ule kuna bustani iitwayo Central Park, ekari 843. Mwaka 1858 wanaume wawili, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walishinda shindano la kuichora. Wawili hao ndio waliolifanya jina "msanifu wa mandhari" kuwa jina la kazi ambayo mtu anaweza kulipwa kwayo. Kwa hiyo ukitaka kuihakiki kazi hii, lazima uanzie pale.

Na niseme ukweli, ni kazi ya akili nyingi. Ukiangalia picha utafikiri Mungu aliiumba hivyo: vilima, maziwa, miti iliyosimama ovyo ovyo. Kumbe sehemu kubwa ilitengenezwa kwa mikono. Maziwa yalichimbwa, udongo ukabebwa, miti ikapandwa. Kinachonishangaza zaidi ni barabara. Mji ulitaka barabara nne zikatize bustani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wawili hawa wakazizamisha chini ya usawa wa ardhi, ili magari ya farasi yapite kule chini na mtu anayetembea juu asisumbuliwe. Hiyo ni hekima. Ni mtu aliyefikiria mguu wa mtoto kabla ya gurudumu. Bustani yenyewe haina kiingilio, tajiri na maskini wanapita mlango uleule.

Lakini kabla ya mchoro, pale palikuwa na watu.

Upande wa magharibi palikuwa na kijiji kinachoitwa Seneca Village. Waamerika weusi walianza kununua ploti pale mwaka 1825, miaka miwili kabla ya utumwa kufutwa katika jimbo la New York. Kufikia mwaka 1855 wakaaji walikuwa kama 225. Wengi walikuwa weusi, na walikuwamo pia wahamiaji kutoka Ireland. Walikuwa na makanisa matatu na shule. Na kuna jambo moja ambalo mkimbizi ataelewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote: sheria ya jimbo lile ilisema mwanaume mweusi hawezi kupiga kura mpaka awe na mali ya ardhi yenye thamani ya dola 250. Mzungu hakudaiwa hivyo. Basi ploti kwao haikuwa nyumba na shamba tu. Ploti ilikuwa kura. Ilikuwa karatasi inayosema wewe ni mtu wa hapa.

Mwaka 1853 bunge la jimbo likapitisha kwamba eneo lile litakuwa bustani. Serikali ikatumia sheria inayoiruhusu kuchukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma na kumlipa fidia. Wengine walilalamika kwamba fidia ni ndogo. Magazeti ya wakati ule yakawaita wavamizi, wakati wengine walikuwa na hati mkononi. Kufikia mwisho wa mwaka 1857 wote walikuwa wameondoka, na jamii ikatawanyika. Bango la kusema kwamba kijiji kile kiliwahi kuwapo lilisimamishwa mwaka 2001. Mwaka 2011 wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale wakakuta birika la chuma la chai na kiatu kidogo cha mtoto.

Niliposoma habari ya kiatu nilifunga tableti nikatoka nje kidogo.

Tusimwonee Olmsted. Siyo yeye aliyeandika amri ya kuwafukuza watu. Aliajiriwa kusimamia bustani mwezi wa tisa mwaka 1857, mambo yakiwa yanakaribia kwisha, na mchoro wake ukaja mwaka uliofuata. Na hapo ndipo lilipo kosa ninalotaka tulione vizuri. Mchoraji alikuta ardhi "tupu". Hakuna aliyemwambia ataje kwenye mchoro wake kwamba hapa palikuwa na kanisa, hapa palikuwa na kaburi, hapa palikuwa na mama wa mtoto mwenye kiatu. Karatasi nyeupe ilikuwa imeshafuta kila kitu kabla ya kalamu kugusa. Kazi hii, tangu siku ilipopata jina, ilizaliwa juu ya ardhi ya watu waliohamishwa. Siwezi kuisifia bustani ile nikaruka hapo.

Hadithi ya Olmsted haikuishia kwenye bustani, na ninyi wafanyakazi wa mashirika hii inawahusu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, aliacha bustani kwa muda akaenda kuwa katibu mkuu wa Tume ya Usafi, shirika la kusaidia askari. Kazi ilikuwa nini? Kukagua kambi. Mahema yamepangwaje, vyoo viko mbali kiasi gani na maji ya kunywa, mifereji inapitisha au imeziba, watu wanakula nini. Yaani huyu baba wa mandhari alikuwa mtu wa maji na usafi kambini, kama wale tunaowaona hapa na fulana zenye nembo. Askari walikuwa wanakufa kwa magonjwa zaidi ya risasi, na yeye aliona kwamba mteremko mbaya na choo kibaya vinaua.

Nadhani ndiyo sababu kazi yake ya baadaye ilibadilika. Ukiangalia Boston, kuanzia mwaka 1878, alipewa sehemu inayoitwa Back Bay Fens. Ilikuwa tope linalonuka, maji ya bahari yanaingia na kutoka, uchafu wa mji unamwagwa humo, na mvua ikinyesha mto unafurika. Hakupanda maua juu ya uvundo. Alishirikiana na wahandisi, maji machafu yakapelekwa kwenye mabomba, na palepale akatengeneza bwawa la majani yanayovumilia maji ya chumvi, ambalo linaweza kujaa wakati wa mafuriko na kupungua baadaye. Watu wakatembea kando yake wakidhani ni bustani ya kawaida, kumbe ni mfereji. Hapo kazi ilikua. Uzuri na uhandisi vikalala kitanda kimoja.

Ina dosari nayo. Mwaka 1910 mji ulijenga bwawa kwenye mto Charles, maji ya bahari hayakuingia tena, na majani yale ya chumvi yakafa. Fundisho lake ni kwamba huwezi kutengeneza kipande kimoja cha maji ukasahau kwamba mto una kichwa na mkia. Anayeshika mkia wa mto anaweza kuharibu kazi ya aliyeshika kichwa, bila hata kumjua.

Karibu miaka tisini baada ya Boston kuanza, mwaka 1969, mwalimu mmoja Mskoti aliyekuwa anafundisha Marekani, Ian McHarg, alitoa kitabu kiitwacho Design with Nature. Njia yake ni rahisi kuelezea. Chukua karatasi zinazoonyesha upande wa pili. Kwenye moja chora udongo, kwenye nyingine maji, kwenye nyingine miteremko, kwenye nyingine misitu, kwenye nyingine sehemu ambazo watu wanazithamini. Zipange moja juu ya nyingine. Hapo utaona wapi ujenge na wapi usiguse. Leo kompyuta zinafanya hivyo kwa dakika chache. Nilipomweleza mzee wetu, alicheka. Akaniambia: "Mimi hizo karatasi ninazo hapa," akigusa kichwa chake. "Miye nimekaa hapa miaka kumi na moja. Maji inapita pale, hata uchore nini." Sikuona kama alikuwa anatania. Yeye anajua udongo wa mfinyanzi uko wapi, chemchemi ya kiangazi iko wapi, na njia gani wasichana wanaikwepa jioni. Shida ni kwamba karatasi zake haziingii kwenye ripoti.

Hilo la nani anaingia kwenye ripoti ndilo linalonipeleka Kibera, Nairobi. Mwaka 2006 wanafunzi waliokuwa wanasoma usanifu kwenye chuo kikuu cha Harvard walianzisha shirika liitwalo Kounkuey Design Initiative. Mmoja wa waanzilishi ni Mkenya, msanifu wa mandhari Arthur Adeya. Walianza kando ya mto Ngong, mahali pa taka na mafuriko, na tangu hapo wametengeneza maeneo ya umma kadhaa Kibera. Ukiangalia picha utaona kuta za mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya kuzuia kingo za mto zisimomonyoke, vyoo na mabafu, mahali pa kufulia, vibanda vya biashara, sehemu ya watoto kucheza, banda la mikutano.

Kwa macho tu, hakuna cha kulinganisha na Central Park. Ni padogo, ni saruji na mabati. Lakini mimi kama mhakiki nasema ni kazi kubwa zaidi kwa jambo moja: kikundi cha wakaaji kinaingia mwanzoni, kabla ya mchoro. Wanasema wanataka nini, wanashiriki kujenga, halafu ndio wanaosimamia. Hela ya choo, ya maji na ya kibanda inarudi kutengeneza bomba likiharibika. Msanifu pale ni kama mkunga. Mtoto siyo wake.

Nayo nina la kuikosoa. Kwanza, kusimamia ni kazi, na kazi ya kujitolea inachosha. Mnaotuletea neno "umiliki wa jamii" mara nyingi mnamaanisha sisi tufagie bure. Pili, kingo za mto hazina usalama wa kisheria. Mwaka 2024 mvua kubwa ziliua zaidi ya watu 200 Kenya. Baadaye serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mitoni, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Ni kweli maji yanaua, sikatai. Lakini mtu aliyebomolewa nyumba wakati wa mvua anajiuliza swali la Seneca Village: huu ukingo ukishasafishwa na kupandwa miti, atakuja kukaa nani hapa? Mchoro mzuri kando ya mto hauna nguvu mbele ya tingatinga kama hati ya mkaaji haipo.

Basi, sasa nifike kwetu. Hapa kalamu inakuwa nzito.

Mwaka juzi shirika moja, jina naliacha, lilikuja na mradi wa bustani ya jamii. Uwanja uliochaguliwa ni ule ulio kati ya bomba la maji na njia ya kwenda sokoni, chini ya mjohoro mkubwa. Mnaujua. Pale walikuwa wanakaa wamama kumi na wanne wanauza nyanya, vitunguu, sombe iliyotwangwa, na mukene, ambao sisi wa Fizi tunawaita ndagala. Vijana walikuwa wanacheza mpira upande wa pili. Watoto wakisubiri zamu ya jerikani walikuwa wanalala kivulini. Kwa ufupi palikuwa na bustani tayari, ila haikuwa na bango.

Mimi niliajiriwa kwa posho ya siku kuhamasisha. Nilipiga filimbi, nikakusanya watu, nikagawa soda, nikazungusha karatasi ya mahudhurio. Mchoro ulikuwa umeshachorwa. Ulibandikwa ukutani, una rangi nzuri, una watu wamechorwa wanacheka, na hakuna hata mmoja wao aliyebeba beseni kichwani. Tukauliza: "Mnaonaje?" Watu wakasema ni pazuri. Nani atasema mchoro ni mbaya huku anakunywa soda ya mwenye mchoro? Tukaandika kwenye ripoti: jamii imeshirikishwa, waliohudhuria 63. Saini zipo. Nilizikusanya mimi.

Mama mmoja muuza ndagala ndiye aliyeuliza la maana. "Sisi tutakaa wapi?" Nikamwambia kwa mdomo wangu huu: "Mama, ni miezi miwili tu. Bustani ikiisha mnarudi." Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Nilisema kwa sababu nilitaka mkutano uishe vizuri.

Bustani ikajengwa. Nitaihakiki kwa haki kama nilivyofanya kwa zile nyingine. Kuna bembea mbili, nzuri, watoto wanazipenda. Kuna mabenchi sita ya saruji, yamewekwa juani kwa sababu mchoro ulitaka yawe kwenye mstari. Kuna matairi yaliyopakwa rangi, ndani yake maua yaliyoishi mpaka kiangazi cha kwanza. Kuna uzio wa waya na geti lenye kufuli. Mjohoro ulibaki, hilo nawapa pongezi, ila nusu ya kivuli chake sasa iko ndani ya uzio na nusu iko nje. Na kuna mfereji wa saruji ulionyooka, unaozuia maji ya kilima yasiingie kwenye maua. Mfereji huo unapita kando ya uzio, unafika barabarani, na hapo unaisha. Umeisha tu, kama sentensi iliyokosa neno la mwisho.

Na ni palepale unapoishia ndipo wamama walipohamishiwa.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja mchana. Maji ambayo zamani yalikuwa yanasambaa polepole uwanjani yakaja yote kwa pamoja, kwa nguvu, yakatoka mwisho wa mfereji kama yametoka kwenye bomba. Nyanya zilielea. Mfuko wa ndagala ulikwenda mpaka korongoni. Ulikuwa wa yule mama. Alikuwa ameununua kwa hela aliyokopa kwenye kikundi cha akiba. Hakuna aliyekufa, nashukuru Mungu. Lakini alilipa deni lile miezi saba, na katika miezi hiyo binti yake hakwenda shule.

Alipokutana nami hakunigombeza. Alisema tu: "Wewe uliniambia miezi mbili."

Ndiyo maana nimeandika uhakiki huu. Ningeweza kulaumu mchoro, na mchoro una makosa. Ningeweza kulaumu mfadhili aliyetaka picha kabla ya mwezi wa sita. Lakini kati ya mchoro na yule mama alikuwapo mtu wa lugha yake, anayemwita mama, na huyo mtu ni mimi. Magazeti ya New York yaliwaita watu wenye hati wavamizi ili ardhi ionekane tupu. Mimi sikumwita mama mvamizi. Nilimwita mshiriki, nikampa kalamu asaini. Matokeo yake yeye yuko nje ya uzio.

Wafanyakazi wa mashirika, najua wengine mtasema: kambi siyo mji, ardhi hapa ni ya serikali, sisi tunapewa ploti ya kutumia, hakuna mtu anayemiliki chini ya mjohoro. Ni kweli. Lakini kutumia nako ni haki, hata kama haina hati. Makazi haya ya Nakivale yana zaidi ya miaka sitini, kuna watu wamezaliwa hapa na wamezikwa hapa. Mama aliyekaa mahali miaka minane ana kitu pale. Msanifu wa kweli angemchora na beseni lake kabla ya kuchora benchi.

Na wakaaji wenzangu, nasi tuache kusema "ni pazuri" kwa sababu ya soda. Akija mtu na mchoro, tumuulize maswali matatu kabla ya kusaini. Maji yanaishia kwa nani? Kivuli kitakuwa cha nani saa saba mchana? Na baada ya mahali kupendeza, nani anabaki? Kama hana jibu la swali la tatu, arudi na karatasi yake, aje siku nyingine. Swali hilo la tatu ndilo kipimo changu. Nimelipitisha Central Park, ikashindwa pamoja na uzuri wake wote. Nimelipitisha Kibera, ikajibu vizuri lakini kwa wasiwasi. Nimelipitisha kwetu, na mnaona jibu.

Yule mgeni wa buti za plastiki hakuahidi mradi. Alisema hana hela, alikuja kujifunza. Lakini kabla ya kuondoka alisimama mwisho wa ule mfereji, akatazama kwa muda mrefu, akaniuliza: "Aliyechora hapa alikuja wakati wa mvua?" Nikamwambia hapana, alikuja mwezi wa saba. Akatikisa kichwa. Kisha yeye na mzee wakachora chini kwa fimbo: mfereji ugeuzwe pale juu kabla ya kupata kasi, maji yagawanywe njia tatu, katikati ya njia hizo yachimbwe mashimo ya kuyapunguza mwendo, na kingo zipandwe majani ya tembo yashike udongo. Majani yale yanakatwa, mwenye mbuzi anapata chakula cha mbuzi. Haihitaji saruji. Inahitaji majembe na siku mbili.

Kamati ya kijiji imekubali tujaribu. Kuhusu geti, bado wanabishana. Wengine wanasema likifunguliwa bembea zitavunjwa. Wengine wanasema bembea zikivunjwa tutatengeneza, lakini kivuli cha mjohoro hakiwezi kukaa kifungoni. Mimi nimeshasema upande wangu. Ufunguo ni mimi ninayeutunza. Uko mfukoni mwangu ninapoandika haya.

Jumamosi tunakutana saa moja asubuhi chini ya mjohoro, upande wa nje. Yule mama wa ndagala amesema atakuja, ila hatakunywa soda ya mtu. Mwenye jembe alete jembe. Mwenye mchoro naye alete mchoro, tutauweka chini ya jiwe usipeperuke, na kwanza tutatembea.